Kikoa

Wamekuja masika, hoteli za Mbweni nusu bei.
Watu kumi na mmoja, vyuo vinne, mabegi hayajafika.
Kwao, alinambia Profesa Ilse, hawaelewani:
wakikutana kwa mmoja, mwenyeji hujiona baba wa harusi.
Ndiyo wakaja Unguja, ambako wote ni wageni,
nami nimekodiwa siku tatu nitie Kiswahili
waraka wa kupeleka Wizarani.

Siku ya kwanza ililiwa na alama.
Padova kilele ni thelathini.
Lyon ishirini, na ishirini haijapata mtu.
Turku tano ndiyo juu kabisa;
Bremen tano ndiyo kuanguka.
Nikaikumbuka Wete, pishi ya Bi Mize na pishi ya mama,
zote pishi, na mchele haulingani.

Mimi shida yangu neno.
Mstari wa kwanza tu, sijapita.
Cheti kimoja, mihuri minne: kinaitwaje?

"Shahada ya ushirika," nikaandika.
Maalim Shaame wa uhasibu akachungulia begani,
akavua miwani.
"Raya, shahada na ushirika
unaviweka sentensi moja?
Shahada ni kupwekesha. Futa, kabla ya adhana."

Nikafuta.
"Shahada ya bia," basi. Neno safi, la zamani,
la watu kula pamoja kila mtu na mchango wake.
Nikawaza vijana wa Darajani watakavyolisoma.
Nikafuta na hilo, nacheka peke yangu,
hata Ilse akauliza kifungu kina kosa gani.

Siku ya pili waligombea saini ya nani ije juu.
Saa nzima. Chai ikapoa, vitumbua vikalegea.
Nikamuona mama, kofia gotini:
yeye huchora, Bi Mize hutoboa,
Hidaya wa nyumba ya nyuma huunga.
Kofia moja, kichwa kimoja siku ya Idi,
na aivaaye hajui imepita mikono mingapi.
Ningewasimulia, wangependa.
Lakini kisa kina mkia: mwaka mmoja Hidaya alidai zaidi,
kwani kuunga ndiko kunakoumiza macho,
na Ramadhani nzima yeye na mama
hawakupelekeana futari.
Nikanyamaza. Nikatafsiri kifungu cha kumi na nne,
namna ya kuachana.
Hata nikaha zetu haziandikwi hivyo.

Usiku nikapiga simu nyumbani.
"Hao watoto watasomea wapi?"
Muhula Padova, muhula Lyon, Bremen, Turku,
na wiki sita Chwaka, kupima tope la mikoko.
"Kila pahala watalishwa?"
Watalishwa, watasoma, watahama.
"Basi si kikoa hicho?" akasema,
kama ananikumbusha nilikoacha ufunguo.
"Leo kwangu, kesho kwake. Wewe si ulikula kikoa
kwa Bi Mize mpaka ukatapika?"

Siku ya tatu nikaandika: Shahada ya Kikoa.
Wakatia saini kwa mpangilio wa herufi, Bremen mbele,
wasijue neno lile lina nini ndani.
Chuo chetu kimo, kiambatisho cha tatu.
Nikamuuliza Ilse, kama utani, je, mimi naweza kuomba?
Akafurahi kwelikweli. Shahada yangu ya wapi?
Tunguu, nikasema.
Akasema ipo ofisi itakayoilinganisha,
miezi minane hivi, pengine tisa.

Wiki iliyopita Wizara imejibu. Waraka umekubaliwa.
Kalamu nyekundu imegusa pahala pamoja tu:
kikoa kimekatwa, juu yake pameandikwa "pamoja".
Sawa. Neno zuri, halina kosa.
Halina harufu ya chakula.